Kabla Hujamlaumu Mtoto, Uliza Mvua Ilinyesha Lini

Kuna maneno nimeyasikia kwenye karibu kila bendi niliyowahi kukaa nayo: "Huyu hajafanya mazoezi." Yanasemwa mtoto akitoa mlio kama wa bata aliyekanyagwa. Yanasemwa noti ya juu ikikataa kutoka. Yanasemwa sauti ikitoka nzito kama ya mtu mwenye mafua. Na saa zingine ni kweli, mtoto hakufanya mazoezi, alikuwa kwa simu. Lakini mimi napiga klarineti, na Jumamosi nafundisha watoi wachache mtaani, na maoni yangu ni haya: kabla hujamlaumu mtoto, uliza kwanza mvua ilinyesha lini.

Najua hiyo inasikika kama kisingizio. "Mwalimu, nilishindwa kwa sababu ya masika." Hata mimi ningecheka. Lakini kaa nami dakika kadhaa nikueleze, alafu uamue mwenyewe.

Tuanze na kile kipande kidogo

Kwa wale hawajawahi kushika klarineti: lile bomba refu jeusi lenye vifungo vya kung'aa halina sauti yake lenyewe. Sauti inaanzia kwa ridi, ulimi mwembamba wa mwanzi unaofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Urefu wake ni kama sentimita 7, na ncha yake ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiishika juani mwanga unapita. Ukipuliza, hiyo ncha inatetemeka mamia ya mara kwa sekunde moja, na hapo ndipo muziki unazaliwa. Ridi ikiwa mbaya, hata ukipewa klarineti ya bei ya gari utalia nayo tu.

Sasa huo mwanzi unatoka wapi? Mmea wenyewe unaitwa kisayansi Arundo donax, ni jamaa wa matete tunayoyajua ya kando ya mito. Unamea sehemu nyingi duniani, lakini ule unaosifiwa zaidi kwa ridi unalimwa mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Mediterania. Unaachwa kama miaka miwili, unakatwa wakati wa baridi, unaanikwa juani mpaka unageuka rangi ya dhahabu, alafu unawekwa stoo ukauke taratibu kabla ya kuchongwa. Vandoren, moja ya majina makubwa kabisa kwenye biashara hii, ilianza Paris mwaka 1905, na mwanzilishi wake mwenyewe alikuwa mpiga klarineti.

Na hapa kuna jambo linanichekesha kila nikilifikiria. Klarineti nzuri za mbao zinachongwa kwa mpingo. Mpingo! Ule ule wa vinyago vya Wamakonde. Mwingi unatoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Kwa hivyo mti wetu unasafiri mpaka Ulaya, unarudi ukiwa na bei, na unarudi umefungiwa mdomoni kipande cha mwanzi ambacho hakijawahi kuonja vumbi la Januari wala tope la Aprili.

Mwanzi haufi kabisa

Kitu ambacho watu hawafikirii ni kwamba ridi, hata ikishakatwa na kukaushwa, bado inatenda kama mmea. Ndani yake kuna mirija midogo sana, kama fungu la mirija ya kunywea soda lililobanwa pamoja. Kazi ya hiyo mirija ilikuwa kupitisha maji shambani. Hewa ikiwa na unyevu, ridi inaunywa. Hewa ikikauka, ridi inautoa. Haina siku ya kupumzika.

Ikinywa maji inavimba, na inavimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Tena haivimbi sawasawa, kwa sababu ncha ni nyembamba kama karatasi na upande wa nyuma ni mnene. Ncha inalowa haraka na kukauka haraka, mkia unachelewa. Hapo ndipo ncha inajikunja kama ukingo wa chapati iliyosahaulika kwa sahani. Sehemu ya chini, ambayo inafaa kuwa bapa kabisa ili ilale vizuri kwenye kipande cha mdomoni, inajipinda na kuacha mwanya. Hewa inavuja kwa huo mwanya. Na hewa ikivuja, unapata ule mlio wa bata.

Mtoto hajafanya kosa lolote hapo. Amepuliza vilevile alivyopuliza wiki jana. Kilichobadilika ni hewa.

Sasa ile nambari iliyoandikwa kwa ridi, 2, 2.5, 3, inayokuambia ni laini au ngumu kiasi gani, ilipimwa kiwandani, kwenye hewa ya kiwandani. Ikifika kwako, hiyo nambari ni makadirio tu. Ridi ya 2.5 siku ya joto kavu inaweza kukushinda kama ya 3. Ridi hiyo hiyo baada ya wiki ya mvua inalegea, inakuwa kama unapuliza leso.

Kalenda yangu ya Nairobi

Vitabu vingi vya kufundishia klarineti vinaongea kuhusu majira manne ya Ulaya na Marekani. Vinakuambia utunze ridi zako wakati wa baridi kwa sababu nyumba zina mashine za joto na hewa ya ndani inakauka. Sisi tuna mashine gani ya joto? Tuna jiko la makaa na sweta. Kwa hivyo nimejitengenezea kalenda yangu, na naiweka hapa iwasaidie wengine.

Januari na Februari: jua kali, hewa kavu, haswa mchana. Hii ndiyo miezi ya ridi kupasuka. Ukiitoa kwa kibweta ncha imejikunja mawimbi mawimbi. Usiilambe tu na kuanza kupiga. Iweke ndani ya maji safi dakika moja au mbili, alafu ikandamize taratibu kwenye kipande cha kioo mpaka inyooke. Na kama klarineti yako ni ya mbao, huu ndio wakati wa kuiogopea pia, manake mpingo nao unaweza kupata ufa ukikauka vibaya. Zile za plastiki ambazo watoto wengi wanaanza nazo hazina shida hiyo.

Machi mpaka Mei: masika. Hewa imejaa maji. Ridi inavimba kabla hata hujaigusa na mdomo. Inakuwa nzito, inachelewa kuitikia, sauti inatoka kama iko nyuma ya pazia. Hapa haina haja ya kulowekwa, ilambe tu kidogo. Ukimaliza, ipanguse na uiache ikauke ikiwa imelala bapa. Ukiifungia ikiwa imelowa, ndani ya siku chache utaona madoadoa meusi. Hiyo ni kuvu. Hiyo ridi usiirudishe mdomoni, na usimpe mdogo wako.

Juni mpaka Agosti: ile baridi yetu. Watu wa nje hawaamini kwamba Kenya kuna baridi, lakini wewe uliyewahi kusimama kwa stendi ya matatu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai unajua. Usiku joto la Nairobi linashuka mpaka nyuzi 10 au 12 hivi, na kuna siku wingu halitoki mpaka jioni. Hapa shida ni mbili. Ya kwanza, ridi zikilowa hazikauki vizuri kati ya zoezi moja na lingine. Ya pili, klarineti yenyewe ikiwa baridi inashuka sauti. Hiyo ni fizikia ya kawaida: kwenye joto la nyuzi 20 sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ikishuka, mwendo unapungua kama mita 0.6. Hewa baridi ndani ya bomba, noti zinashuka. Juu ya hapo, pumzi yako ya moto ikikutana na bomba baridi inageuka maji, yanateremka mpaka kwenye matundu, na unasikia kitu kinatokota kama chai. Mwalimu anasema, "Sikiza sauti yako!" Mtoto anasikia vizuri sana. Anachohitaji ni dakika kumi za kuipasha klarineti joto kwa pumzi, na kitambaa cha kuvutia maji ndani.

Oktoba mpaka Desemba: vuli. Huu ndio msimu mgumu zaidi kwangu, kwa sababu haujui unataka nini. Asubuhi jua, saa tisa mvua, jioni jua tena. Ridi inavimba na kusinyaa mara mbili kwa siku moja. Ridi nzuri iliyonidumu wiki sita wakati mwingine inachoka hapa kwa wiki mbili.

Angalia sasa sikukuu zetu za kitaifa, zile ambazo bendi za polisi na za jeshi hupiga nje mbele ya nchi nzima: Madaraka tarehe 1 Juni, baridi inaanza. Mashujaa tarehe 20 Oktoba, vuli inaanza. Jamhuri tarehe 12 Desemba, vuli inaisha na jua linarudi. Na Tamasha la Muziki la Kenya kwa miaka mingi limefikia kilele mwezi Agosti, yaani mazoezi yote ya mwisho yanafanyika ndani ya baridi. Hakuna mwezi wa kupiga klarineti bila kufikiria hewa. Wale maafisa wa bendi hawakuzaliwa na ridi za ajabu. Wamejifunza kuzitunza, na wana za akiba.

Alafu kuna Pwani

Ukitaka kuamini ninachosema, panda treni na ridi zako mpaka Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi uko huko juu kwenye hewa nyepesi, mchana umeshuka mpaka ufuoni, kwenye joto na unyevu wa chumvi. Wapigaji wengi husema ridi inakuwa ngumu zaidi ukipanda juu, na ndio maana mtu akihamia mahali pa juu hushuka nusu nambari. Mimi nikishuka Mombasa nahisi kinyume chake: ridi yangu ya Nairobi inalegea mpaka najiuliza kama ni yangu.

Safari moja nilikaa na mzee mmoja mpiga zumari, nikamuonyesha klarineti. Zumari ni ile ya harusi na ngoma za Pwani, na yenyewe ina ulimi, isipokuwa wake unatengenezwa kwa majani makavu ya miti ya jamii ya mnazi, yamekunjwa na kufungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee. Huu ulimi wako unakusumbua wakati wa mvua?"

"Marahaba, mwanangu. Wakati wa mvua peke yake? Hata upepo ukigeuka. Kusi lina lake na kaskazi lina lake."

"Sasa huwa wafanyaje?"

Akanionyesha. Alikuwa na ndimi kadhaa zimefungwa kwenye kamba moja, zinaning'inia. "Mimi siendi harusini na ulimi mmoja. Naamka, nauweka mmoja kinywani, nausikiliza. Huu hautaki leo, nachukua mwenziwe. Sigombani nao."

Sikuongeza neno. Mzee huyu hajasoma kitabu chochote cha Ufaransa kuhusu unyevu wa hewa, lakini anajua jambo ambalo bendi nyingi za shule hazijui: kwamba hali ya hewa ni sehemu ya ala. Kwa watu wa Pwani kaskazi na kusi zilikuwa kalenda ya majahazi na ya uvuvi. Kumbe hata mpiga zumari alikuwa anaisoma kalenda hiyo hiyo. Huu ujuzi si mgeni kwetu. Tuliuacha tu tulipoletewa ala kwa boksi.

Kwa nini nakasirika

Mnaweza kuniuliza, sasa wewe umekasirika kwa nini, si ni kipande cha mwanzi tu?

Nimekasirika kwa sababu niliona binti mmoja wa gredi ya saba akitolewa kwa klarineti na kupewa matoazi, mwezi wa Julai, kwenye bendi ambayo sitaitaja. Aliambiwa mbele ya wenzake kwamba hana sikio na ni mvivu. Akasema, "Pole mwalimu," akaenda kukaa nyuma. Baadaye nilimwomba aniletee ridi yake. Ilikuwa moja. Hiyo moja alikuwa ameitumia tangu shule zifunguliwe Mei. Ncha ilikuwa na mawimbi, chini imejipinda, na pembeni kuna doa jeusi. Nikampa yangu mpya, nikamwambia apashe klarineti joto kwanza. Akapiga ngazi yake yote kutoka chini mpaka juu bila mlio hata mmoja. Alikuwa na sikio. Alikuwa na mazoezi. Hakuwa na ridi.

Alinitazama na kuniuliza, "Kwani si mimi?"

Hilo swali ndilo linaniuma. Huyo mtoto alikuwa ameshaamini. Mtu mzima akikuambia huna kipaji ukiwa na miaka kumi na miwili, hutafuti sababu nyingine. Unakubali, unaenda nyumbani, unaanza kupenda kitu kingine. Ni watoto wangapi wamepotea hivyo, kwa sababu ya wiki ya mvua?

Na ukichimba zaidi utaona ni suala la pesa. Nje ya nchi, boksi la ridi kumi za kawaida linaenda kama dola 30 hivi, kabla hujalipa kulisafirisha na ushuru. Kwa mzazi anayetafuta karo, hiyo si pesa ya kuchezea. Mtoto wa familia yenye uwezo ana boksi zima, ridi moja ikikataa anachukua nyingine, na tunasema ana kipaji. Mtoto wa pili ana ridi moja, ikivimba yeye ndiye anavimba nayo, na tunasema ni mvivu. Kuna programu kama Ghetto Classics pale Korogocho zimeonyesha wazi kwamba mtoto wa mtaani akipewa ala na mwalimu anapiga klarineti kama mtu yeyote. Lakini ala bila ridi ni kama simu bila chaji.

Kuna shule zina sare za bendi zenye nyuzi za dhahabu mabegani. Zina kabati limejaa vikombe. Ukiuliza bajeti ya ridi, wanakutazama kama umeomba ndege. Mbaya zaidi, kuna mahali watoto wanapokezana ridi moja, mdomo hadi mdomo, hata baada ya yote tuliyojifunza wakati wa Korona. Hiyo tafadhali iishe.

"Mpigaji mzuri hupiga na chochote"

Kuna mtu anasoma hii akiwaza kwamba mpigaji wa kweli halalamikii vifaa. Nimeisikia sana, haswa kutoka kwa wakubwa. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Mpigaji mwenye uzoefu akipewa ridi mbovu atajua kubana mdomo hivi, kupuliza hivi, na utasikia wimbo. Lakini huyo mzoefu huyo huyo, akienda jukwaani, habebi ridi mbovu. Wapigaji wa orkestra kubwa duniani wanafungua boksi la kumi na kuchagua chache tu za kupigia tamasha, zingine za mazoezi, zingine wanatupa. Wanazikwangua kwa kisu na msasa. Wana vibweta maalum vya kutunza unyevu. Kama wao, na uzoefu wao wote, hawathubutu kupuuza ridi, kwa nini tumtegemee mtoto wa miezi minne aishinde kwa nguvu za roho?

Wengine wanasema dawa ni ridi za plastiki. Kampuni ya Légère ya Kanada ilianza kuzitengeneza 1998, na siku hizi hata wapigaji wakubwa wanazitumia. Hazinywi maji, kwa hivyo masika hayazisumbui, na moja inaweza kudumu miezi. Shida ni kwamba moja inakaribia bei ya boksi zima la zile za mwanzi, na mtoto akiiangusha ikapasuka ncha, basi. Maoni yangu: kwa mtoto wa mwaka wa kwanza, kama shule inaweza kununua, inunue. Inaondoa swali la hewa mpaka mtoto ajue kupuliza. Lakini asiishie hapo. Mwanzi una rangi ya sauti yake, na kuujua ni sehemu ya kuwa mpiga klarineti.

Vitu unaweza kufanya wiki hii

Usingoje mfadhili. Haya nayafanya na watoi wangu.

Kila mtoto awe na ridi angalau nne, hata kama mtazinunua kwa kuchangishana na kugawana boksi. Ziandike nambari kwa penseli nyuma: 1, 2, 3, 4. Leo unapiga ya 1, kesho ya 2. Ridi ikipumzika inakauka sawasawa, na inaishi muda mrefu zaidi.

Tafuta kipande cha kioo bapa kwa fundi wa madirisha, kile anachotupa, mwombe akulainishie kingo. Ukimaliza kupiga, panguza ridi na uilaze hapo.

Msimu wa mvua, na ukiwa Pwani mwaka mzima, weka ridi zilizokauka ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Vinanyonya unyevu. Usivile tu.

Msimu wa Januari, fanya kinyume. Chukua kifuniko cha soda, weka chumvi ya jikoni, itie matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, kiweke ndani ya mkebe huo mbali na ridi, ufunge. Chumvi iliyolowa hivyo hushikilia unyevu wa hewa iliyofungiwa karibu asilimia 75, na watu hutumia njia hiyo kukagua vipima unyevu. Ridi nyingi zinapenda kati ya asilimia 45 na 70, kwa hivyo chumvi inazidisha kidogo. Iache usiku mmoja kabla ya onyesho, usiiache wiki nzima.

Na uwe na daftari. Tarehe, mvua au jua, ridi nambari ngapi, iliitikia vipi. Mistari miwili tu. Nasema daftari kwa sababu kalenda niliyowapa hapo juu haitoshi tena. Kutoka mwisho wa 2020 misimu 5 ya mvua ilikosa kufuatana kaskazini na mashariki mwa nchi, alafu Aprili 2024 mvua ikaja yote kwa pamoja na Nairobi ikafurika, watu wakapoteza nyumba na maisha. Nikilinganisha na hayo, ridi yangu ni kitu kidogo sana, najua. Lakini ni kitu kidogo kinachosema ukweli ule ule: hatuwezi kuishi kwa kukariri miezi. Lazima tuangalie anga ya leo.

Kwa walimu wa bendi, nawaheshimu. Najua mna watoto hamsini, ala ishirini, na mwalimu mkuu anayetaka kombe. Siwaombi mageuzi makubwa. Naomba jambo moja. Siku mtoto akitoa ule mlio, kabla hujafungua mdomo, mwambie akuonyeshe ridi. Iinue kwenye mwanga. Angalia ncha kama imenyooka. Iweke kwenye kioo uone kama imelala bapa. Inachukua nusu dakika. Ukikuta iko sawa, basi mwambie akafanye mazoezi, na mimi nitakuunga mkono.